Feza ya utafiti na mutumbwi wa Alunguli

(Maneno aliyosema mwanachama wetu mmoja, fundi wa motere, mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Kasuku, Kindu. Tumeyaandika karibu namna alivyosema, tumepunguza tu pale aliporudia. Wafadhili wetu waliomba wayasome.)

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, mimi ni mtu wa kufungua motere na kuipanguza. Mkiona ninashikashika hii karatasi, mnisamehe.

Mnajua kwa nini tuko hapa. Barua ya wafadhili ilisomwa dimanche iliyopita, na baada ya kanisa na baada ya msikiti kila kartie ilikuwa na maneno yake. Barua inasema hivi: katika inchi yao Leta inatoa feza kwa ajili ya utafiti wa usafiri usiochafua hewa, na wao wamepata sehemu ndogo ya ile feza. Wanataka kujaribu motere ya umeme wa jua kwenye mutumbwi mmoja, kati ya libongo letu hapa na Alunguli, kwa mwaka mzima. Wanatuuliza kama tunakubali mutumbwi wa chama ndio uwe wa kujaribia.

Na sisi mwaka jana tuliomba nini? Tuliomba motere ya esansi. Njo pale maneno yalianzia. Mama mmoja aliniambia kwenye soko: "Tunaomba motere, wanatuletea etidi." Sikumcheka. Ana haki.

Kwanza niseme juu ya sisi wenyewe. Katika hii sale, kila mtu alirudi Kindu kwa njia yake. Kuna waliorudi toka Kisangani: treni au moto mpaka Ubundu, halafu balenieri kupandisha Lualaba. Kuna waliotoka Lubumbashi na treni ya SNCC, na wale wanajua kulala kwenye gare ya kichaka wiki mbili wakingojea lokomotive. Kuna waliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wakavuka ziwa mpaka Kalemie, wakashika reli kupitia Kabalo na Kongolo. Kuna waliokuja na kinga, nguo zimefungwa nyuma, toka Kabambare mpaka Kasongo mpaka hapa. Mimi nilitoka Kampala, na mwisho wa safari niliingia ndege ndogo toka Goma kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Ile tikiti ilikula yote niliyoweka miaka miwili.

Kwa hiyo wakisema "utafiti wa usafiri", tusifikiri ni maneno ya wenye miwani. Hakuna chuo kikuu kina watu wanaojua njia za Maniema kuliko hawa waliokaa kwenye hivi viti.

Tena njia zetu zenyewe zilitoka kwenye feza ya Leta. Mzee wa upande huu anajua: mtu anayetoka Kisangani hawezi kupanda Lualaba moja kwa moja, mawe ya Boyoma yanamzuia, njo maana walitia reli ya kilometre 125 mpaka Ubundu, wakaimaliza 1906. Toka Ubundu mpaka Kindu maji yanakubali. Toka Kindu kwenda juu yanakataa tena, njo reli ya Kindu–Kongolo ya 1911. Toka Kongolo mpaka Bukama maji yanakubali tena. Ile kampuni ya CFL haikujaribu kwa feza yake tu. Leta ya wakati ule iliihakikishia faida, hata kama treni ingepita tupu. Na mikono iliyokata ile njia ilikuwa ya nkambo zetu, kwa fimbo, si kwa mapenzi. Mimi sisifu ile habari. Ninasema tu: hata wale matajiri wa Ulaya, mbele ya mto wasioujua, walitaka Leta ibebe hasara.

Sababu yake ni nyepesi. Mfanyabiashara akijaribu kitu kipya na kikaharibika, hasara ni yake peke yake. Kikifaulu, jirani anakiiga kesho yake bila kulipa kitu. Nani atakubali? Njo maana Leta, yaani sisi wote kwa kodi zetu, inalipia kule kujaribu.

Sasa niwaeleze nilichoona Kampala. Nilikuwa ninafanya kazi kwenye garage moja, mkimbizi bila karatasi nzuri, ninalipwa nusu ya wenzangu. Mwaka 2011 vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa gari dogo la umeme, viti viwili, wakaliita Kiira EV. Feza ilitoka kwa Serikali ya Uganda. Garage yetu yote ilicheka. Walisema: wagonjwa hawana dawa na Leta inatengeneza kitu cha kuchezea watoto. Na mimi nilicheka, nisiwadanganye.

Februari 2016 wakatoa basi, Kayoola, viti 35, lenye pano za jua juu ya paa, na lilikuwa linakwenda karibu kilometre 80 kwa betri zake. Watu walijaa Namboole kulitazama. Halafu, miaka ikapita, na mimi sikupanda lile basi hata siku moja, kwa sababu basi moja la kuonyesha si usafiri wa mji. Lakini kuna kitu kilibaki. Serikali na Makerere walikuwa wameunda kampuni, Kiira Motors, na 2019 wakaanza kujenga kiwanda Jinja. Na wale vijana waliofunga nyaya za gari la kwanza, ndio walikuwa wanafundisha wengine. Kijana mmoja wa garage yetu, aliyecheka kuliko sisi wote, alikwenda kujifunza betri kule. Siku moja alirudi kutusalimia, akafungua betri ya pikipiki ya umeme mbele yetu. Sisi mafundi wazima tulisimama kama watoto.

Sasa tusiruke haraka kusema utafiti ni muzuri. Kuna maneno mawili ya uchungu lazima niyaseme hapa, na wafadhili wayasikie.

La kwanza. Miaka iliyopita, kabla chama hiki hakijakuwa na cachet, shirika moja lilikuja hapa kuhesabu kinga. Sitalitaja jina. Walikaa kwenye barabara ya Kasongo, wakasimamisha wasukuma kinga waliobeba mafuta ya ngazi na mchele, wakawauliza: umebeba kilo ngapi, umelala wapi, umelipa barrière ngapi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliojibu. Nilijibu nusu saa, jua kichwani, kinga imeegemea mguu wangu na bidon nne za mafuta. Walisema watarudi na majibu. Hatukuona karatasi, hatukuona daraja, hatukuona hata asante. Maarifa yetu yalipanda ndege yakaenda. Kwa hiyo yule mama wa sokoni akisema "etidi" kama vile anatema mate, mimi ninajua ladha yake.

La pili ni ndege. Maniema tunaishi kwa ndege kama mgonjwa anavyoishi kwa sondi. Sabuni, dawa, vipande vya moto, vyote vinashuka uwanjani, na bei inapanda navyo. Na karibu ndege zote za kampuni zetu za Kongo zimekatazwa kuingia Ulaya toka 2006, kwa sababu ya usalama. Lakini sisi tunazipanda, tuna njia gani nyingine? Ndege nzuri zipo, Umoja wa Ulaya unalipa ECHO Flight, ONU ina zake, lakini zile ni za kubeba wafanyakazi wa misaada. Ninawashukuru wanaokuja kwetu kwa ile njia, hata wageni wa leo labda walikuja nayo. Mwenye kurudi nyumbani na mfuko wake haipandi.

Upande mwingine, ile Ulaya yenyewe imeweka feza ya umma kutafuta ndege isiyochafua hewa. Proje yao kubwa inaitwa Clean Aviation, ilianza 2021, na Umoja wa Ulaya umeiwekea miliari moja na milioni mia saba za euro. Nitamke tena? Ero 1 700 000 000. Kabla yake kulikuwa Clean Sky, toka 2008. Wanatafuta ndege inayokunywa mafuta kidogo, ndege ya hidrojeni, ndege ya nusu umeme.

Mtu atasema: hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu mbili. Moja iko chini ya miguu yetu. Tantali inayotoka kwenye coltan, ile inayochimbwa Punia na Kailo, inaingia kwenye chuma cha mapanga ya motere ya ndege, yale yanayozunguka ndani ya moto bila kuyeyuka. Kasiteriti ya Kalima inatoa bati, na bati ndiyo inashikisha kila waya kwenye kila komputa. Udongo wa Maniema umeshapanda hizo ndege zote. Mwenye udongo anatembea.

Ya pili ni ya fundi, na hapa mnivumilie kidogo kwa sababu njo kazi yangu.

Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nguvu ya kilowati-saa 12 hivi. Kilo moja ya betri nzuri ya leo ina robo ya kilowati-saa, pengine pungufu. Yaani mafuta yanaishinda betri karibu mara 50 kwa uzito. Ni kweli motere ya umeme haipotezi nguvu sana kama ile ya moto, kwa hiyo tofauti inapungua, lakini inabaki kubwa. Ndege ikibeba betri za kutosha kutoka Kinshasa mpaka Kindu, haitainuka chini. Njo maana ile kazi inahitaji miliari na miaka mingi, na bado hakuna anayeweza kuahidi.

Mutumbwi si ndege. Mutumbwi hauogopi uzito, maji yanaubeba. Betri ya kilo 50 hivi inashika kilowati-saa 5. Litre moja ya esansi ina nguvu karibu 9, lakini motere zetu za nje, hizi kuukuu tunazozijua, zinageuza pengine sehemu moja kwa tano kuwa kusukuma. Zingine zinakwenda moshi, joto na kelele. Kwa hiyo ile betri ya kilo 50 ni sawa na litre mbili na nusu za esansi. Mtu mmoja nyuma pale anatikisa kichwa, anasema ni kidogo. Ni kidogo kweli. Lakini kuvuka toka hapa mpaka Alunguli ni dakika kumi, kumi na tano maji yakiwa na nguvu. Kwa mutumbwi wa abiria kumi, motere ya kilowati 3 au 4 inatosha. Hesabu inakupa kuvuka mara tano mpaka kumi kwa betri moja.

Na kuijaza? Pano za kilowati moja, siku ya jua nzuri, zinatoa kilowati-saa 4 au 5. Yaani siku nzima ya jua kwa mara nne mpaka kumi za kuvuka. Msimu wa mvua mnaujua wenyewe: kuna siku Maniema hatuoni jua mpaka saa nane. Kwa hiyo anayesema hii motere itachukua kazi ya mitumbwi yote ya libongo, anadanganya. Wapiga kafi wasiogope kupoteza kazi yao kwa mutumbwi unaovuka mara tano mpaka kumi kwa siku.

Sasa mtaniuliza: kama ni mara tano mpaka kumi tu, ya nini?

Kwa sababu ya usiku. Hapa nitasema habari ya nyumbani kwangu, halafu nitaiacha.

Yaya wangu, tuliyerudi naye toka Uganda, alijenga Alunguli. Usiku mmoja tumbo lilimshika, kamba ya tumbo ilikuwa imejisokota. Munganga wa kumpasua alikuwa upande huu. Tulimshusha libongo saa tano ya usiku. Mwenye motere alikuwa pale, mtu mwema, alitoka usingizini mara moja. Motere ilikuwa nzima, mimi mwenyewe niliitengeneza mwezi uliopita. Esansi haikuwako. Treni ilikuwa haijafika wiki nyingi, na ile kidogo iliyokuwa mjini ilikuwa kwenye chupa za wauzaji, na wauzaji wamelala, na bei yake hata mchana ilikuwa imetushinda. Tulipiga kafi. Lualaba ilikuwa imejaa, ikatushusha chini ya libongo mbali sana, tukarudi kandokando ya majani, mimi na watoto wake wawili. Walimpasua asubuhi. Tulimzika siku ya tatu.

Silaumu mtu. Ninasema tu kwamba usiku ule motere nzima ilikuwa imefungwa kwenye mti, na kilichokosekana ni litre moja. Betri iliyojazwa mchana, ikafungiwa, ikawekwa kando kwa wagonjwa tu, ingekuwa ile litre. Njo sababu mimi, niliyecheka Kiira, leo ninasimama upande wa kujaribu.

Tena hatutakuwa wa kwanza duniani, msifikiri tunafanywa panya wa maabara. Wahindi Waachuar wa Ecuador, watu wa msitu kama sisi, wasio na barabara, wana mutumbwi wa jua tangu 2017, wanauita Tapiatpia. Kwenye Ziwa Victoria upande wa Kenya kuna wavuvi wanaokodi motere ya umeme na betri, wanarudisha asubuhi. Kwetu Kongo, mwaka 2019, kule Équateur, Wizara ya Afya na shirika la VillageReach walijaribu drone za Waaustralia wa Swoop Aero kupeleka chanjo juu ya msitu na maji, njia ya masaa mengi ikawa dakika. Lakini ziwa si mto. Lualaba ina mkondo, ina magogo yanayoelea, ina mchanga unaohama kila mwaka. Betri ya Kenya haijui gogo la Maniema. Pale ndipo kuna kitu cha kutafuta kweli, na matokeo yake yatakuwa yetu na ya Kasongo, na ya Ubundu pia.

Na juu ya mto wenyewe: kuna watafiti wa Université de Kinshasa, pamoja na Dar es Salaam na Rhodes ya Afrika ya Kusini na Waingereza wa Leeds na Bristol, waliopima mto Kongo, kina chake na mkondo wake, ili masua zisikwame. Feza yao ilitoka kwa serikali ya Uingereza kupitia Royal Society. Kazi nzuri. Walifanya kwa mto mkubwa, chini ya Kisangani. Sisi wa juu, kina cha Lualaba bado tunakipima na mti mrefu, kijana amesimama mbele ya balenieri akipiga kelele namba. Wale vijana wana maarifa ambayo hayakuandikwa popote. Mzee anayejua mchanga wa Lowa akifa, tunaanza upya.

Jambo lingine, na hili ni kwa ajili yetu, si kwa wafadhili. Tusizoee kusema "feza ya umma" kama vile ni jina la feza ya wazungu. Viongozi wa Afrika walikubaliana Khartoum 2006 kila inchi iweke asilimia moja ya mali yake kwa utafiti. Kodi ya madini, ile redevance, kwa sheria ya 2018 imegawanywa hivi: nusu kwa Leta ya Kinshasa, 25% kwa provinsi, 15% kwa sekta au komine panapochimbwa, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ni nani kama si hawa watoto wanaovuka kwenda shule na kafi? Lubumbashi, Aprili 2022, walifungua kituo cha utafiti wa betri kwenye chuo kikuu chao, pamoja na Wazambia, kwa sababu zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia zinatoka kwetu. Ni mwanzo. Kuandikia ile kituo barua na kusema "Kindu kuna mutumbwi, njooni mjaribu betri yenu kwenye maji" haigharimu kitu zaidi ya karatasi. Na gavana wetu naye anaweza kuulizwa kiasi gani cha ile 25% kimewahi kulipia kujaribu kitu chochote. Ninajua wengine hawapendi chama kiingie mambo ya Leta. Mimi naona kuuliza si kupinga.

Sasa, kukubali ni kukubali namna gani? Tulizungumza na wapiga kafi na wamama wa mfuko wa wagonjwa, na mimi ninaleta maneno yao pamoja na yangu.

Feza ya motere ya esansi tuliyoomba isiguswe. Ile ni haja, hii ni jaribio. Mwenye njaa haambiwi angoje mbegu mpya iote. Kama wafadhili wanaweza moja tu, watuambie wazi, na mimi wa kwanza nitachagua ya esansi. Najua hilo litawashangaza baada ya maneno yangu yote, lakini jaribio linaweza kuharibika, na mgonjwa hawezi kungojea mwaka.

Daftari la jaribio liandikwe hapa, kwa Kiswahili, na libaki hapa. Kila kuvuka: saa, watu wangapi, betri ilianza ngapi ikaisha ngapi, gogo, mvua, kilichokatika. Wafadhili wachukue nakala. Vijana wa Université de Kindu waitwe washike hesabu pamoja nasi, na walipwe, kwa sababu tukiwapa kazi ya bure wataiacha wiki ya tatu, mimi ningeiacha. Wapiga kafi wawili watakaoendesha walipwe kwa siku, hata siku ambayo motere imekataa. Hasa siku ile, kwa sababu ile ndiyo siku ya utafiti.

Kitu kikivunjika, kifunguliwe mbele yetu. Hii ni ya kwangu. Nimeona mashini nyingi Maniema zilizokufa kwa sababu ya kipande cha dola kumi, kilichofungwa na boulon ambayo hakuna aliye na ufunguo wake. Wakileta sanduku lililofungwa na kusema "msiguse", basi walirudishe nalo. Na mwaka ukiisha, motere, betri na pano vibaki kwa chama. Betri moja kila usiku iwe imejaa, imefungiwa, ufunguo kwa mama wa mfuko wa wagonjwa, na isitumike kwa harusi wala kwa siasa, hata mgombea akija na tabasamu.

Kuna la mwisho ambalo hatukukubaliana. Wapiga kafi wanataka abiria wa mutumbwi wa jua walipe bei ileile ya kafi, wasiharibu soko. Wamama wanataka mgonjwa avuke bure. Mimi nimewaambia yote mawili yanawezekana, lakini walikasirika wote wawili, kwa hiyo ninawaachia mkutano.

Mutumbwi wenyewe uko. Ni ule mrefu uliochongwa Ferekeni, una kiraka upande wa kulia lakini haunywi maji. Niliupima jana: pale nyuma nafasi ya betri mbili ipo, ikiwa tutatoa kiti kimoja. Kama kuna maswali ya fundi, niulizeni sasa. Ya feza, muulizeni mama wa kasha.

(Maswali yalichukua zaidi ya saa moja. Mkutano ulikubali jaribio pamoja na masharti yote aliyoyasema, na barua ya jibu imeshatumwa kwa wafadhili. Neno la bei ya kuvuka limerudishwa kwa komite pamoja na wajumbe wawili wa wapiga kafi. Barua kwa kituo cha Lubumbashi inaandikwa. Anayejua kuandika Kifaransa cha ofisi vizuri apite kwa sekretari.)